Matairi Yanayong'aa

Hakuna mfugaji anayenunua ng'ombe mwenye manyoya makavu. Ng'ombe mzima hung'aa, na ukimpitishia kiganja mgongoni, kiganja kinateleza chenyewe. Mukamana alilijua hilo kabla hajajua kuhesabu, kule kwao kwenye milima ya Minembwe, na vita vilipomtoa Kongo akatupwa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alikuja nalo. Na ndilo hilo hilo, alijiambia mwaka mzima, lililomuua mumewe.

Mutware, mumewe, alikuwa na gari aina ya Prius, lile linalotumia petroli na umeme. Injini yake hunyamaza ghafla, nalo linaendelea kutembea kana kwamba linakwenda kwa imani tu. Watu wa Base Camp, mtaa wao pale kambini, waliliita Mwizi, kwa kuwa lilifika mlangoni pa mtu bila kusikika. Walilicheka, lakini walilipanda. Lilibeba wagonjwa wa macho kwenda hospitali ya Ruharo na akina mama wauza vitenge kwenda Mbarara mjini, likarudi jioni na petroli bado imo. Magari mengine yaligoma kuwabeba maskini kwa sababu ya bei ya mafuta. Mwizi hakugoma.

Matairi yalipoisha, mume na mke walikwenda mjini pamoja. Muuzaji mmoja akawapangia matairi ya mitumba kutoka Japani, meusi ti, yanawaka juani. Mutware alisitasita. Mukamana akainama, akapitisha kiganja, kikateleza.

"Twaa haya, Baba Teta," alisema. "Inangaa sawa Bihogo."

Bihogo alikuwa ng'ombe wa mahari yake, aliyebaki Minembwe na asijulikane aliliwa na nani. Mutware alicheka, akayachukua yote manne. Wiki tatu baadaye, karibu na Kaberebere, kwenye barabara ya Mbarara, tairi la nyuma kushoto lilipasuka. Gari lilipinduka mara mbili, na watu walipofanikiwa kuufungua mlango, Mutware alikuwa amekwisha kufa.

Gari lilivutwa hadi Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, kwa fundi aitwaye Karekezi. Huyo ndiye aliyemwonyesha Mukamana, kwenye kipande cha mpira uliopasuka, tarakimu nne ndogo ambazo hakuwahi kuziona: 2304. Wiki ya ishirini na tatu, mwaka 2004. Tairi nalo lina siku yake ya kuzaliwa, fundi alimweleza, na lile lilikuwa na miaka tisa. Lilikuwa kubwa kuliko Teta, binti yake. Ndani lilikuwa limeoza, na ule mng'ao wa nje ulikuwa rangi ya kupaka tu. Mukamana alikitazama kile kipande mpaka macho yakauma. Hakumwambia mtu yeyote nani aliyeyachagua.

Ndiyo maana, mwaka wa kilio ulipotimia na ndugu wakakusanyika kumaliza msiba, alitamani waseme gari liuzwe. Hawakusema. Walikunywa maziwa, wakaomba, wakaimba, kisha wakaamua kuwa Mwizi, ambaye Karekezi alikuwa amekwisha kumnyoosha, arudi barabarani, na Mukamana ndiye aendeshe. Mumewe alikuwa amemfundisha kando ya ziwa, na leseni alikuwa nayo. Lilibaki jambo moja: gari halikuwa na matairi.

"Nitaenda na wewe," alisema Natanaeli, kaka mkubwa wa marehemu.

Mukamana aliinamisha kichwa. Aliona ni haki. Mjane hanunui hata ndama bila jicho la mwanamume wa ukoo. Lakini moyo ulimwambia jingine: shemeji anashuku kitu.

Walipata lifti asubuhi kwenye gari la watu wa mahindi. Natanaeli alikaa wima njia nzima, ameshika chuma. Tangu lori lililowatoa Kongo mwaka 1996 lilipotaka kuwatumbukiza bondeni, mzee huyo hakuwahi kufumba jicho ndani ya gari, hata awe amechoka namna gani. Walipopita Kaberebere, Mukamana alitazama miguu yake.

Karekezi aliwakaribisha, akawapa viti. Gari lilikuwa limekaa juu ya mawe manne. Pembeni palikuwa na stoo yake ya matairi, na Natanaeli hakungoja kuelezwa. Aliingia, akazunguka na fimbo yake, akagonga hili, akabonyeza lile, akasimama mbele ya manne makubwa yenye meno mazito, ya kufaa pikapu ya kubebea matofali.

"Hii njo yenyewe," alisema. "Angalia kwato. Na barabara yetu ni ya majiwe mingi."

Karekezi alikuwa Mnyankore, mwenyeji wa huko, mpole mwenye kucheka polepole. "Mzee, hiyo gari si fahali," alisema. "Wewe ukiweka hiyo, itakunywa petroli kama mtu wa harusi."

Akatoa tairi jembamba, jipya, lenye vumbi. Akalisimamisha sawa na lile nene, akayasukuma yote mawili kwa nguvu moja. Lile nene lilikwenda hatua chache, likayumba, likalala. Lile jembamba lilibingirika uani, likapita kuku, likagonga lango na kurudi nyuma kidogo.

"Hii inatembea yenyewe. Motoka ya umeme inataka hii," alisema Karekezi. "Lakini sitakudanganya. Mawe ya Nakivale itakata ubavu yake haraka kuliko hiyo nene. Lazima pima upepo kila asubuhi. Kila asubuhi, nyabo," akamalizia, akimwita Mukamana mama kwa lugha ya kwao.

"Basi ni ile nzito," alikata Natanaeli. "Fundi, funga."

Karekezi alimgeukia Mukamana. Na hapo, nitasema kweli, kunyamaza kulikuwa kutamu kama asali. Shemeji habishiwi mbele ya mgeni. Hakuna ambaye angemlaumu. Gari likianza kunywa, kosa ni la Natanaeli. Likipasuka tena, kosa ni la Natanaeli. Yeye angeendesha tu, mikono yake safi. Lakini Mwizi akiwa na kwato zile angekuwa gari kama magari mengine. Angeanza kuwaacha watu wa Ruharo njiani na vitambaa vyao machoni, na kabla mwaka haujaisha angeuzwa. Mutware angekuwa amekufa, na kazi yake imekufa pia.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, "tutoke kidogo pa inje."

Walisimama nyuma ya gari. Mukamana alitaka kuongelea petroli. Yakatoka mengine.

"Mapine ile ya kwanza, ni miye nilichagula. Baba Teta hakuitaka. Nilipitisha mukono, nikamwambia inangaa sawa Bihogo. Ni miye nilimuua, shemeji. Mwaka muzima munanipa pole, na ni miye."

Alilia kwa mara ya kwanza bila kujificha. Natanaeli aliichimba ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Minajua," alisema.

Mukamana aliinua uso.

"Alinipigia simu siku ile ile. Alikuwa anacheka. 'Kaka, bibi yangu amenichagulia mapine inangaa sawa Bihogo.' Alikuwa na furaha mingi, Mama Teta. Nilicheka naye. Na miye ningekuwa pale, ningechagula ile ile. Nani kwetu angeacha kitu inangaa?"

"Na haukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilikungoja useme." Aliifuta pua kwa nyuma ya mkono kama mtoto. "Ile nzito, sijui kama ni muzuri. Sijui kitu ya mapine. Nilitaka tu safari hii ikuwe miye nimechagula. Ikipasuka, uchukie miye, usijichukie wewe."

Mwaka mzima Mukamana alikuwa amemwogopa mtu huyu, kumbe mtu huyu alikuwa amekuja kumbebea mzigo.

"Sasa enda uchagule," alisema Natanaeli. "Tukikosea, tumekosea wote wawili."

Walirudi stoo. Mukamana alipiga magoti mbele ya lile jembamba, akalifuta vumbi kwa pindo la kitenge, akatafuta kwa kidole mpaka akazipata tarakimu. 0914. Alihesabu. Halikuwa na hata miezi sita. Akayakagua na yale mengine matatu, moja moja, bila haraka, na Karekezi hakumharakisha. Mwisho akapitisha kiganja. Hakikuteleza. Mpira ulikuwa mkavu, umefifia, hauna hata dalili ya kung'aa.

"Manyoya mubaya," alisema Natanaeli nyuma yake.

"Mubaya kabisa," alijibu Mukamana, akacheka huku machozi hayajakauka. "Fundi, funga haya."

Alasiri waliondoka Ruti. Karekezi alikuwa amewauzia kipimo cha upepo, na Mukamana alikiweka juu ya dashibodi mahali ambapo angekiona kila asubuhi. Natanaeli alikaa mbele, akafunga mkanda, akashika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. Mjini injini ilinguruma kidogo. Kwenye miteremko ilinyamaza, na ukasikika mpira tu juu ya lami.

Mukamana aliona wanakaribia Kaberebere, pale Mwizi alipopinduka. Alipunguza mwendo. Alitaka shemeji aseme chochote, hata kuhusu bei ya ndizi, ili wapite pale wakiwa wanaongea. Akageuka kumtazama.

Mkono ulikuwa umeuacha mlango. Fimbo ilikuwa imeanguka kati ya magoti, na mzee alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, anakoroma taratibu.

Mukamana alikamata usukani kwa mikono miwili, akapita polepole, asije akamwamsha.