Kuinuka Mara Kumi

Tarehe kumi na mbili, mwezi wa Megabiti. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umekalia mashamba ya shayiri, na upepo wa mlimani ulikausha midomo. Etagenyi alitoa kigoda nyuma ya nyumba, akakiegemeza ukutani kisiteleze. Akatazama kushoto, akatazama kulia, ndipo akaketi.

Akainuka. Akaketi. Kila alipoinuka alisogeza ushanga mmoja wa sala, maana kuhesabu kwa kichwa kulimchanganya.

Mwaka uliopita mgongo wake ulivunjika kwa kuinua mtungi wa maji tu. "Mama, mifupa yako imejaa matundu kama mkate wa injera," muuguzi Hirut alimwambia. "Usibebe mzigo, usiiname. Lakini ukilala tu, itazidi kuliwa. Keti, inuka, kumi asubuhi, kumi jioni." Kasisi naye akamwondolea kusujudu Kwaresima yote. Sasa ilikuwa wiki ya saba ya mazoezi hayo. Jana aliinua birika la kahawa kwa mkono mmoja, akalishusha upesi kana kwamba ameiba.

Kilemba kikatokeza juu ya ukuta wa mawe wa mpakani.

"Umeamkaje, mama?" Alikuwa Wubalem, jirani yake.

"Mungu ashukuriwe." Etagenyi alibaki kwenye kigoda. Siku hizi jirani huyu hakukosa sababu ya kupita pale. Leo kuku amepotea, jana moto umezimika.

Wubalem akazitazama zile shanga, akatabasamu, akaenda zake. Hakuuliza kitu. Tabasamu lile lilimkaa Etagenyi rohoni siku nzima.

Jumapili, baada ya ibada, Bwana Getnet, karani wa mgao wa ngano, alisimama uani mwa kanisa na orodha yake. Mstari wa mbele, pamoja na wagonjwa wanaopewa ngano ya bure, aliketi mama mkwe wake, mwenye ng'ombe wanne, goti amelifunga kitambaa.

"Etagenyi! Njoo mbele."

Alikwenda kwa fimbo, polepole.

"Fimbo ya nini tena, mama? Si umepona?" Watu wakacheka. "Wubalem, hebu waambie ulichoniambia."

Wubalem alisimama, machozi yanamlenga. "Jamani, muujiza! Nimemwona siku nne kwa macho yangu. Anasujudu nyuma ya nyumba, shanga mkononi. Kichwa kinazama, kinapanda, kinazama, kinapanda. Maji ya baraka yamemponya!"

Akapiga vigelegele, na wanawake wakaitikia. Etagenyi akaelewa. Ukuta ule ulifika kifuani. Kigoda hakikuonekana.

"Sikuwa nasujudu," alisema. "Nilikuwa naketi na kuinuka. Muuguzi Hirut ndiye aliyeniagiza."

Vigelegele vikakatika.

"Kumbe kwa Mungu mgongo unauma, kwa muuguzi hauumi," sauti ya mwanamume ikasema nyuma, na safari hii hakucheka mtu.

"Muujiza au mazoezi, kwangu ni yale yale," alisema Getnet. "Ngano ya bure ni ya asiyejiweza. Mwenye nguvu za mazoezi ana nguvu za kubeba mawe. Kesho uende na wenzako kujenga matuta ya mawe, ndipo ulipwe ngano."

"Nikibeba jiwe, mgongo utavunjika tena."

"Basi unajiweza au hujiwezi?"

"Nafanya ili siku moja nijiweze."

"Orodha yangu haina safu ya siku moja, mama."

"Muuguzi aulizwe," Wubalem alisema kwa sauti ndogo.

"Muuguzi anagawa ngano?" Getnet akamgeukia, kisha akalainisha sauti. "Mimi si mkatili. Wakaguzi wa wilaya wanakuja baada ya Pasaka. Wakimkuta mgonjwa wangu anarukaruka, nitawajibu nini? Mama, ahidi hapa, mbele ya watu, kwamba mambo ya kuinuka-inuka umeyaacha. Nikisikia tena, jina linatoka. Kasisi ni shahidi."

Kasisi aliutazama msalaba wake wa mkononi, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

"Mama, mimi nilifurahi tu," Wubalem alinong'ona. "Naapa nilifurahi."

Etagenyi alimtazama usoni. Alitafuta uongo pale, hakuuona; wala hakuona cha kumfanya aamini. Nyuma ya Wubalem yalikuwa macho mengine, mengi, yote yakiupima mgongo wake. Nyumbani ngano ilibaki ya siku mbili. Alikumbuka birika, lilivyokuwa jepesi.

Akauachia mgongo ujikunje kama walivyouzoea. Akainua mkono.

"Sauti," alisema Getnet. "Wa nyuma hawasikii."

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema Etagenyi, "nitabaki mgonjwa."