Gita Langu, Gita Lako

Ukiwaona mke na mume wamekaa miaka ishirini na ushei bila ya kukosana kwa chakula, kwa jamaa wala kwa watoto, basi ujue kuna kitu kingine wanachogombania. Mwatima na Mbarouk, Wapemba wa Wembley, waligombania magita.

Lantern Row ilikuwa bendi ya roki ya Kiingereza, na kilichoipa jina ni magita yake mawili ya mbele. Len Pargeter alisimama kulia, Terry Strood kushoto. Walipopiga pamoja, mmoja anapanda na mwenzake anamfuata chini kidogo, Waingereza wazima na ndevu zao walifumba macho wakalia. Wao husema magita yale ni pacha, yaani sauti moja iliyogawiwa watu wawili. Mwatima na Mbarouk hawakuyasikia hivyo hata siku moja. Walikulia kwenye taarab, mahala ambapo klabu mbili zikikaa mji mmoja lazima hii iirushie ile mafumbo na ile ijibu, na mtu asiye na upande haulizwi kitu. Walipofika London vijana, kila mmoja na njia yake ya kukimbia na begi lake moja, waliiona bendi ile katika televisheni ya bweni, na wote wawili wakasikia ugomvi. Mbarouk akasema, "Huyu wa kulia kampa mwenzake neno zito." Mwatima, ambaye wakati ule hakuwa mkewe wala hakumjua jina, akamgeukia: "Na huyu wa kushoto kamjibu, au hukusikia?" Ndoa ikaanzia hapo.

Bendi ilivunjika, watoto wakazaliwa, na mwaka wa tisini na mbili bendi ikarudi jukwaani. Tangu hapo kila mwaka ilipiga katika ukumbi wa zamani wa sinema kule Kilburn, na Mwatima na Mbarouk hawakukosa. Walipanda treni pamoja, wakafika mlangoni pamoja, kisha wakaachana kama watu wasiojuana. Mwatima alikwenda kushoto kukaa na watu wa Strood. Mbarouk alikwenda kulia kwa watu wa Pargeter, akakaa na rafiki yake Harjit, Kalasinga wa Nairobi mwenye duka la mazulia Wembley, na Kiswahili chake kinakata kuliko mkasi. Kwenye treni ya kurudi ndipo vita vilipoanza. Mtu wako leo kachoka. Mtu wangu kachoka? Mtu wangu kambeba wako mgongoni usiku kucha. Vita vilifika nyumbani, vikalala, vikaamka, vikaenda na Mwatima mpaka ofisini kwake kaunsili, na jioni akirudi alikuwa na jibu jipya kabla hajavua koti. Alikuwa mwanamke mwenye raha zake, na raha kubwa kuliko zote ilikuwa hiyo.

Mwaka wa elfu mbili na moja, Len Pargeter akafa.

Mbarouk hakulia mbele ya watu. Alizikusanya santuri zake akazitia katika boksi, boksi akaliweka juu ya kabati, basi. Mwatima akamwachia wiki chache, maana msiba ni msiba. Kisha siku moja wakati wa chai akamchokoza kidogo, kwa nia njema kabisa, kama mtu anavyomtekenya mgonjwa apate kucheka.

"Haya, baba Afnan. Sasa unaweza kusema. Fundi alikuwa wangu."

Mbarouk akakoroga chai yake. "Kweli," akasema.

Mwatima aliweka kikombe chini. Katika umri wake wote wa ndoa hakupata kusikia neno lililomtisha kama hilo. Alijaribu tena mwezi ule na mwezi uliofuata. Alisema Pargeter alikuwa akichelewa, alisema Pargeter aliiba, alisema mambo ambayo hata yeye aliona haya kuyasema juu ya maiti. Kila mara Mbarouk alijibu kweli, au alijibu huenda, kisha akafungua gazeti. Nyumba ikapoa. Watu wa nje walisema, mashaallah, tazama wale wazee wanavyopatana. Mwatima aliyasikia akataka kuwapiga na kandambili. Mume wake alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake, mzima, anakula, anasali, na alikuwa anamponyoka.

Basi mwaka wa elfu mbili na tatu habari zikatoka kwamba Lantern Row inarudi Kilburn. Strood alikuwa amepata kijana wa kukaa mahala pa Pargeter, na onyesho litakuwa Jumapili alasiri, kwa sababu wapigaji na wasikilizaji wote walikuwa na magoti mabovu. Mwatima akanunua tiketi mbili, ya kushoto na ya kulia.

"Nenda wewe," Mbarouk akasema. "Mimi sina mtu pale."

Binti yao Afnan, aliyezaliwa hapa hapa, aliyesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alimvuta mamake jikoni akamwambia amwache babake apumzike, mtu akifiwa asilazimishwe.

"Aliyekufa ni mpiga gita," Mwatima akamwambia. "Babako hajafa. Na mimi sijawa mjane."

Alimjua mumewe. Mbarouk ukimbembeleza anakuwa jiwe, ukimpa pole anakuwa jiwe na nusu. Kuna mlango mmoja tu wa kumfikia, nao ni mlango wa matusi. Siku mbili kabla ya onyesho, Mwatima alivuta simu ya mezani karibu kabisa na kiti cha Mbarouk, akampigia Harjit.

"Harjit, ndugu yangu, nakuhurumia nauli. Usije Kilburn. Upande wenu ulikwisha kuzikwa. Wamemweka mtoto wa watu pale kuziba pengo tu, wangu atapiga magita yote mawili peke yake, na ulimwengu utajua kwamba yule wenu miaka yote hiyo alikuwa akisindikizwa."

Harjit, ambaye hakuambiwa kwamba huu ni mtego, alimkatia simu. Gazeti la Mbarouk lilikuwa limeteremka, na sikio lake moja lilikuwa jekundu. Mwatima akaenda zake kukaanga samaki, anaimba.

Jumapili ile Mbarouk alishuka ngazi na kofia yake nyeupe ya kiua na koti lake zuri. "Nakwenda kumwangalia mtu wako akiaibika," akasema. "Si kwa jengine."

"Karibu sana," akasema Mwatima.

Waliachana mlangoni kama desturi. Kushoto palijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Kulia palikuwa na watu wachache na viti vitupu safu kwa safu, na katikati ya utupu ule Mwatima aliiona kofia nyeupe na pembeni yake kilemba cha Harjit. Moyo ulimwuma kidogo, akaukemea. Vita ni vita.

Kijana mgeni akatoka. Mwembamba, uso umempauka, hajui pa kuweka macho. Nyimbo za mwanzo alizipitia kwa adabu, kama mtu anayekula kwa wakwe. Kisha ukafika ule wimbo wao mkubwa, ambao gita la kulia huanza peke yake, linasema maneno yake yote, na la kushoto hulisubiri limalize ndipo lijibu. Kijana akaanza. Akafika katikati, kidole kikateleza, akaokota, kikateleza tena. Akasimama.

Kisha upande wa kushoto, upande wake Mwatima, mtu mmoja akapiga mluzi, na mwengine nyuma yake akacheka, na mwengine akaliita jina la Pargeter kwa sauti ya kejeli. Kijana akaitazama mikono yake. Na Strood, badala ya kumsubiri mwenzake, akapiga hatua mbele akaanza kuipiga sehemu ya kulia mwenyewe, kisha akajijibu mwenyewe, upesi, kwa madoido, na kushoto kote wakasimama wakashangilia.

Kila neno Mwatima alilomwambia Harjit kwenye simu lilikuwa linatokea mbele ya macho yake. Alitakiwa afurahi. Badala yake Mwatima aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamwaka. Taarab gani hii, mtu anatupa fumbo na kulijibu mwenyewe? Maneno ya Strood yalikuwa mazuri siku zote kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuambiwa. Sasa alikuwa mzee anayesema peke yake barabarani. Mwatima akaketi, yeye peke yake katika safu nzima iliyosimama, na pale alipoketi ndipo akaona kule kulia mtu anainuka.

Alikuwa Mbarouk. Alitoka kwenye safu yake akaingia katika njia ya kati, mkono mmoja juu, na katika mkono ule noti. Hakukimbia. Alikuja kama mwanamume anavyokwenda kumtuza mwimbaji katika harusi kwao, bega hili kisha bega lile, hatua ndogo, kichwa kimeinuka, kana kwamba muziki ungali unapigwa na unapigwa kwa ajili yake. Nyuma yake akaja Harjit, bonge la mtu, naye kainua noti yake. Mlinzi mmoja akatoka pembeni kuwazuia, akawatazama wale wazee wawili, akatafuta kosa lao ni lipi, hakulipata, akapisha.

Strood akaona, vidole vikapunguza mwendo, akaacha kupiga.

Jukwaa lilikuwa refu na magoti ya Mbarouk hayakuwa ya kupanda jukwaa. Alinyoosha mkono kadiri alivyoweza, na kilichokuwa karibu kilikuwa kiatu cha yule kijana. Akaichomeka noti kwenye kamba za kiatu, taratibu, akaipigapiga ikae.

"Mcheza kwao hutuzwa," akasema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, katika ukumbi uliokuwa na watu wawili tu wa kumwelewa. "Hapa kwenu, mwanangu. Piga."

Kijana hakuelewa neno. Alikitazama kiatu chake, akamtazama mzee mwenye kofia, na uso ukamlegea akacheka. Akarudi mwanzo. Safari hii hakumwiga Pargeter wala hakuomba radhi. Alilisema lile neno zito la kulia kwa ulimi wake mwenyewe, mpaka mwisho, na Strood ikambidi asimame angoje zamu yake kama alivyongoja miaka yote. Alipojibu, alijibu vizuri kuliko siku nyingi. Kulia wakainuka, wachache wale wale. Mwingereza mmoja mwenye nywele nyeupe mpaka mabegani alishuka njia ya kati na noti mkononi, hajui kwa nini, na nyuma yake mwengine, na nyuma yake bibi mmoja na fimbo yake. Viatu vya kijana vikaota karatasi.

Mwatima alikuwa analia waziwazi. Mkono ulimwendea mkobani, ukaishika noti, akauzuia. Kumpenda mume ni jengine, na kumtuza adui ni jengine. Akaufunga mkoba, akasimama na watu wake, akapiga makofi upande wa kushoto.

Kwenye treni ya kurudi Mbarouk alikaa dirishani, koti amelipakata. Jua lilikuwa bado halijazama. Kituo cha Willesden Green kikapita, hajasema. Kikapita Dollis Hill. Mwatima alikuwa amemleta mpaka hapa kwa hila yake yote, na hila ilikuwa imekwisha. Hakubaki na silaha ila ile ile ya siku zote.

"Wangu kapiga vizuri leo," akasema.

Mbarouk akageuka polepole.

"Wako?" akasema. "Wako, mama Afnan? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kamwona mtoto kajikwaa, badala ya kumpa mkono kamkanyaga apate kuonekana yeye. Miaka yote nawaambia yule mtu anapiga kwa pupa, hamnisikii. Na ile sehemu ya pili, pale aliposhuka, ulisikia alivyoikimbia? Aliikimbia. Pargeter alikuwa akimvuta shati pale pale kila mara, sasa huyu kijana itabidi ajifunze kumvuta, na atajifunza, usinitazame hivyo, atajifunza."

Watu katika behewa waliwatazama. Neasden ikaja ikaondoka, Mbarouk hajamaliza. Wakateremka Wembley Park hajamaliza. Mwatima alitembea pembeni yake na kifua kimemjaa furaha, amekunja uso kwa hasira, kama inavyostahiki.

"Babu wewe," akamwambia walipofika mlangoni, "umemtuza mtu aliyekosea. Dunia nzima hutuzwa aliyepatia."

Mbarouk alikuwa anatafuta ufunguo. "Aliyepatia hutuzwa na kila mtu," akasema. "Mimi nimemtuza wangu alipoanguka. Wewe wako umemtuza lini?"

Akafungua mlango akaingia. Mwatima alibaki kizingitini, mdomo wazi. Ndani alimsikia mumewe anaburuta kiti, anapanda, anateremsha boksi la santuri kutoka juu ya kabati, anakohoa kwa vumbi. Mwatima akaenda jikoni kuteleka chai, na kabla maji hayajachemka alikuwa ameshalipata jibu.