Kiti Kilichotundikwa Ukutani

"...ukutani! Wamekitundika ukutani, mama karani! Kiti!"

Kitinda, mtoto wa mwisho kwao na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni, alikuwa anahema kama aliyefukuzwa na nyuki. Karani wa mitihani hakuinua hata kope. Mezani palikuwa na fomu ya matokeo. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasorobo. Ikifika saa sita kamili fomu inafungwa, na asiye na alama hahitimu. Hakuna cha nisamehe wala nilikuwa njiani.

"Fomu ina safu mbili, binti yangu. Sanaa, au Usanifu. Wewe huna alama huku wala kule. Nikuandike kwenye dari?"

Balaa lenyewe lilianza hivi. Idara hizo mbili zilipakana ukuta lakini hazikupeana hata chumvi. Watu wa Sanaa hutundika kazi ndipo waihukumu. Watu wa Usanifu huitumia: kikombe hukinywea, kiti hukikalia. Sasa Kitinda, kwa kujitia ujuzi, akatengeneza kiti chenye mgongo wa vibao vilivyoachana, na nyuma ya vibao akachora uso wa bibi yake. Mtu akikaa, uzito wake unavivuta vibao vinakutana, bibi anaonekana mzima. Akiinuka, bibi vipande vipande.

Mwalimu wa Sanaa, ambaye wanafunzi walimwita Brashi, alikitundika mgongo ukitazama watu, akarudi nyuma hatua tatu, akaandika: picha imekatikakatika, sina cha kutia alama. Mwalimu wa Usanifu, mama mmoja aliyenyooka hadi wakamwita Rula, alikuwa amekikalia jana yake. "Kiti kizuri," alisema, "ila hayo marangi ya nyuma si kazi yetu. Peleka kwa jirani."

Kitinda akatoka mbio ofisini kwa karani. Akakishusha kiti ukutani kwa Brashi, akakiburuta koridoni mpaka mlangoni kwa Rula.

"Mwalimu, kaa mara moja tu."

"Si nilishakaa jana? Mimi kuku wa kuatamia?"

"Zimebaki dakika kumi, mwalimu. Nakuomba."

Rula akasonya, akakaa palepale koridoni. Nyuma yake akatokea Brashi, amewaka kama pilipili, nyundo mkononi.

"Nani kashusha kazi bila ruhusa ya..."

Akashusha nyundo. Bibi alikuwa anamtazama, mzima, jicho moja likikonyeza.

"Usiinuke," alisema polepole.

"Unaniamrisha mimi?" Miaka sita hawajasalimiana, na salamu ya kwanza ndiyo hiyo.

"Nakuomba, dada yangu. Usiinuke."

Lakini nani anaweza kuambiwa hivyo akatulia? Rula akaruka, akageuka. Vipande.

"Kaa wewe, nitazame mimi," akasema.

Brashi akasita. Tangu azaliwe hajawahi kukalia kazi ya sanaa. Kitinda aliitazama saa ya koridoni. Dakika tano. Hatimaye Brashi akajishusha taratibu, kama anayekalia mayai. Rula akazunguka nyuma, akashika mdomo.

"Mwanafunzi huyu ni wangu," akasema. "Kiti hiki ni Usanifu."

"Ni wako wapi! Hiyo ni picha!"

Jana hakuna aliyemtaka, leo anagombewa kama mpira. Kitinda akasahau adabu zote. "Walimu wangu, dakika tatu! Gombaneni huku mnakimbia!"

Wakakimbia, Rula mbele, Brashi nyuma na kiti kichwani. Wakamwangukia karani mezani.

"Safu ipi?"

"Sanaa!"

"Usanifu!"

Dakika moja. Kalamu ilining'inia juu ya karatasi. Karani, mwenye njaa na hasira zake, akaandika *na* juu ya mstari uliotenga safu mbili. Sanaa na Usanifu. "Alama?" Walimu wakatazamana. "Sabini na nane," wakasema pamoja. Muhuri ukashuka, paa! Saa ikagonga.

Chuoni pale, ndiyo mara ya kwanza maneno yale mawili kukaa mstari mmoja.

Kitinda alimpigia bibi yake simu.

"Nimepita, bibi! Walimu wawili wamekukalia, nikapita!"

"Hongera, mjukuu wangu. Ila yaani nimekaliwa na watu wazima wawili?"

"Watatu, bibi, na karani naye kajaribu! Sasa Brashi kakaa tena, amegoma kuinuka mpaka jina la Sanaa litangulie kwenye kibao cha pamoja wanachotaka kuweka mlangoni, na Rula anamvuta. Ngoja niamue huu ugomvi, kesho asubuhi nakuja nikusimulie mpaka uchoke!"