Chupa ya Mapovu

Mama Godelieve hakuipenda ile chupa tangu siku Dokta Fabien alipoifunga kwa plasta kwenye mguu wa kitanda.

Alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali ndogo ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Miaka yote ya vita alikuwa ameokoa vichanga kwa vitu vichache: joto la kifua cha mama, maziwa ya kukamuliwa, na mrija mwembamba wa oksijeni uliopumzika chini ya pua. Mashine ya oksijeni ilikuwa moja tu, yenye matundu mawili. Ilitegemea jenereta, jenereta ilitegemea mafuta, na mafuta yalitegemea barabara. Kwa hiyo alipomwona daktari kijana aliyetoka Bukavu akiukata mrija mzima kwa mkasi, alishtuka.

"Dokta! Mipira ya oksijeni tuko nayo kidogo. Hiyo unaikatia nini?"

"Natafutia hewa njia ya kutokea, Mama."

Akamwonyesha. Upande mmoja wa mrija ulileta hewa kutoka kwenye mashine. Katikati palikuwa na vijineli viwili vya kuingia puani mwa mtoto na kubana vizuri. Upande wa pili ulishuka mpaka ndani ya chupa ya maji, na ncha yake ikazama. Hewa ikitaka kutoka, lazima kwanza isukume maji, na mapovu yakapanda.

"Unajua sashe, kale kamufuko ka plastiki, ikilowa ndani?" Fabien aliuliza. "Pande zake zinashikana, kuifungua ni kazi. Mapafu ya mutoto aliyezaliwa mbele ya miezi kutimia iko vile vile. Kila akitoa pumzi, yanashikana, anaanza upya kuyafungua, mpaka anachoka. Mupira wa kawaida unamupa oksijeni tu. Hii chupa inashikilia sashe isifunge."

"Na pua ikitoka kidonda? Na tumbo ikijaa upepo?" Godelieve alikunja mikono kifuani. "Mupira wa kawaida unamuacha mutoto na amani, mama yake anamubeba. Hii yako inaomba muntu wa kuiangalia mchana kutwa. Sisi hapa tuko bangapi?"

Fabien alijikuna kichwa. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Ulikuwa mwaka 2003. Watu walisema amani imetiwa saini, lakini saini hiyo ilikuwa bado haijafika upande huu wa Fizi. Wiki ileile mashua ilimleta Clarisse kutoka Lweba, kwa sababu barabarani kulikuwa na watu wenye bunduki. Alikuwa mke wa mvuvi, na uchungu ulikuwa umemshika kabla ya wakati. Aliongozana na mama mkwe wake, Anastasie, ambaye kabla ya jua kuzama wodi nzima ilikuwa inamwita Koko, yaani bibi. Clarisse alizaa binti mdogo kama mkate wa muhogo uliofungwa kwenye jani. Mtoto alihema haraka, lakini midomo yake ilikuwa na rangi nzuri.

Kesho yake wanawake wa kanisa moja la Fizi waliingia uani wamebeba machela ya miti. Juu yake alilala msichana mrefu, Nyiramahoro, aliyekimbia mapigano kule juu Minembwe. Alikuwa amepotezana na mume wake kwenye mteremko, na wanawake hao walimkuta njiani wakienda mashambani, ameinama, ameshika tumbo. Walimbeba bila kumuuliza ni wa kabila gani. Alipofungua kinywa kuwashukuru, kila mtu wodini alisikia kwa matamshi yake kwamba ni mtu wa milimani, wale ambao vita viliwagombanisha na Wabembe wa huku ziwani, na mazungumzo yakakatika.

Mama Godelieve alipiga shuka kofi likanyooka. "Kitanda njo hii," alisema, akionyesha kile kilichokuwa karibu na cha Clarisse. "Ingine hakuna."

Nyiramahoro alizaa mvulana mchana uleule. Alikuwa mdogo kuliko binti wa Clarisse, na kila pumzi aliitoa kwa kuguna, kama mtu anayesukuma mzigo mlimani. Ngozi katikati ya mbavu zake ilizama ndani.

"Wote wawili kwenye chupa," alisema Fabien, macho yakimng'aa.

"Hapana," alisema Godelieve. "Wote wawili kwenye mupira wa kawaida. Tuangalie. Mutoto mwenyewe atatuambia."

Walikubaliana hivyo, ingawa Fabien alikubali kwa kununa kidogo. Kabla ya chakula cha jioni watoto walikuwa wamesema. Binti wa Clarisse alipunguza kuhema, akalala kinywa wazi kama mtu aliyeshiba. Mvulana wa Nyiramahoro aliguna zaidi, na kimashine kidogo cha kupimia, kilichobanwa mguuni mwake, kikaonyesha kwamba oksijeni mwilini inashuka. Godelieve hakungoja kuombwa. Yeye mwenyewe alileta ile chupa.

"Haya, Dokta. Shikilia sashe yako."

Fabien aliingiza vijineli puani, akapitisha mrija mwingine mwembamba kinywani mpaka tumboni ili upepo upate pa kutokea, na maji yakaanza kububujika. Walisimama wakitazama mbavu. Polepole kuguna kulipungua, kisha kukawa kwa mara mojamoja. Nyiramahoro, aliyekuwa ameuma pembe ya kitenge chake muda wote, aliiachia.

Koko Anastasie alikuwa ametoka nje kufua. Aliporudi na beseni kichwani, alisikia bububububu, akainama, akaiona chupa. Beseni lilianguka.

"Munapika mutoto ya bantu!" alipiga kelele. "Maji inachemuka, na moto mi siione! Dokta, we mutu wa namna gani?"

"Koko, maji ni baridi. Tia kidole."

"Mi nitie kidole yangu mule? Tia yako!"

Fabien alitia kidole chake. Kisha Clarisse alitia chake, na mwisho Nyiramahoro, ambaye tangu afike hakuwa amecheka, alitia chake na kuanza kucheka mpaka akashika tumbo lenye maumivu. Koko aliwaangalia wote kwa zamu. Ndipo akagusa maji kwa ncha ya kidole kidogo, akakirudisha haraka na kukinusa.

"Iko baridi," alikiri. "Lakini inachemuka. Mi sitakula."

Asubuhi iliyofuata malalamiko yake yalikuwa yamegeuka. Alimfuata Godelieve mpaka kwenye kabati la dawa.

"Ule mutoto wa milima munamupa chupa. Wetu wa hapa munamuacha na kamupira tu. Juu ya nini?"

"Koko, jana ulisema tunapika batoto."

"Jana ilikuwa jana. Nimeona ule mutoto analala muzuri. Na wetu pia apate!"

Godelieve alimshika mkono akampeleka kwa wale watoto wawili, akamwambia atazame kwanza mbavu za mmoja, kisha za mwingine. "Huyu anapumua yeye mwenyewe, tunamusaidia kidogo tu. Tukimutia vijineli tutamuumiza pua bure. Yule anapigana vita. Mutu hapewi fimbo kama miguu yake iko na nguvu."

Koko alihesabu pumzi za huyu, kisha za yule. Halafu alivuta kigoda, akakiweka katikati ya vitanda viwili, akaketi na uzi wake wa kufumia. Hakuondoka hapo tena ila kwa kula na kusali. Chupa aliipa jina la "muchuzi". Kila Clarisse au Nyiramahoro alipokwenda kujimwagia maji, Koko alimwambia: "Nenda tu. Muchuzi iko juu ya moto, mi naangalia."

Siku ya nne Fabien aliitwa Fizi mjini kumpasua mgonjwa. Aliondoka kwa pikipiki alfajiri, na Godelieve akabaki na mkunga msaidizi mmoja na wodi nzima, pamoja na mama mmoja aliyekuwa katikati ya kuzaa. Jua lilikuwa limepanda sana, na yeye yuko chumba cha kuzalishia, glavu mikononi, aliposikia sauti ya Koko kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Mama Godelieve! Muchuzi imenyamaza!"

Mtoto aliyekuwa anazaliwa alitoka wakati huohuo akilia kwa nguvu. Godelieve alimweka kifuani mwa mama yake, akamwachia mkunga msaidizi, akakimbia. Chupa ilikuwa kimya kama chupa yoyote ya dukani. Mvulana wa Nyiramahoro alikuwa ameanza kuwa na rangi ya majivu, na mama yake alikuwa amepiga magoti, akiomba kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao milimani.

Godelieve hakumgusa mtoto kwanza. Alifuata hewa kama alivyomwona daktari akifanya. Mashine ilikuwa inanguruma. Mrija haukuwa umekunjika. Ncha ilikuwa bado imezama majini. Alipofika puani aliona: kofia ya kitambaa iliyoshikilia mrija ilikuwa kubwa, imezunguka, na vijineli vimetoka, vinapuliza shavu. Akasafisha pua, akavirudisha, akakifunga kinywa cha mtoto taratibu kwa kidole chini ya kidevu.

Bubu. Bububu. Bububububu.

Rangi ilirudi kuanzia midomoni. Godelieve alijaribu kuondoa mkono, na vijineli vikateleza tena.

"Hii kofia haifai," alisema. "Mi siwezi kukaa hapa namushika mpaka Dokta arudi. Kule kuna mama anatoka damu, lazima nimuone."

"Mi nitashika," alisema Clarisse. Alimpa Nyiramahoro binti yake ambebe, akaketi, akaweka kidole palepale. Hakuna aliyemwomba.

Koko alikuwa tayari anapima. Alizungusha uzi kwenye kichwa cha mtoto, akafumua mistari ya sweta ndogo aliyokuwa anamfumia mjukuu wake, na vidole vyake vikaanza kwenda. Alifuma kofia inayobana, yenye masikio mawili pembeni, na kwenye kila sikio akaacha tundu la kupitisha mrija na kuufunga kwa kamba. Godelieve aliporudi, mama wa kule akiwa salama, kofia ilikuwa kichwani, mrija umetulia, na Clarisse alikuwa ameondoa kidole chake na kukinyoosha kwa sababu kilikuwa kimekufa ganzi.

"Na sweta ya mujukuu?" Godelieve aliuliza.

"Itangoja. Yeye iko na mafuta sasa, haoni baridi."

Fabien alirudi kesho yake mchana, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alimkagua mvulana kwa makini. Mbavu zilikuwa zimetulia, kuguna hakukuwepo, na ncha ya pua ilikuwa nyekundu kidogo tu.

"Muzuri sana," alisema. "Leo tumutoe kwenye chupa. Arudi kwenye mupira wa kawaida kama mwenzake."

"Leo?" Godelieve alisimama mbele ya kitanda kama mlinda lango. "Dokta, hii chupa inafanya kazi muzuri. Unaharakia nini?"

"Mama, ni wewe ulisema inaumiza pua."

"Ilikuwa mbele. Sasa tunamupaka mafuta na kofia inashika."

"Ulisema inaomba muntu wa kuiangalia."

"Tuko na Koko!"

Fabien aliangua kicheko, na Godelieve, aliyejaribu kubaki na uso wa mkuu wa wodi, akashindwa. Nyiramahoro alisikiliza mabishano hayo akiwa amempakata mwanawe, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha polepole: "Mutoto mwenyewe atatuambia. Si ulisema vile, Mama?"

Wakavuta vijineli. Hata wale waliokuwa wanagombania ndoo mlangoni waliiacha, wakasogea kutazama. Kwa pumzi chache mvulana alisita, uso umekunjamana kama wa mzee aliyeamshwa. Kisha akapiga chafya, akalia kwa hasira, kilio chembamba lakini cha kweli, na kuendelea kuhema bila kuguna. Godelieve alimwekea mrija wa kawaida chini ya pua na kusema kwamba chupa itabaki pale kitandani mpaka kesho, mtu asiiguse.

Jumamosi mume wa Nyiramahoro alifika. Semutobo alikuwa amewazunguka askari kwa njia za misituni, na mtu fulani njiani alikuwa amemwambia kwamba mke wake amebebwa na Wabembe kwenda Baraka. Alisimama mlangoni mwa wodi, mrefu, mwenye matope mpaka magotini, akiangalia huku na huku kama mtu anayengoja kufukuzwa.

Koko ndiye aliyemwona kwanza. "Wewe njo baba yake? Ulikuwa wapi siku zote hizi? Mutoto amekutafuta! Vua shati."

"Shati?"

"Vua! Mutoto anaomba joto ya kifua."

Alikalishwa kwenye kitanda karibu na mke wake, ambaye alilia na kucheka kwa pamoja na kumwambia kwamba mtoto anaitwa Mpano. Clarisse alileta kitenge chake, na kwa msaada wa Godelieve wakamfunga mvulana kwenye kifua kipana cha baba, ngozi kwa ngozi, ile kofia yenye masikio ikijitokeza chini ya kidevu. Semutobo, aliyezoea kumshika ndama anayerusha mateke, alikaa wima kama mti. Hakuthubutu kusogeza hata bega. Mishipa ya shingo ilianza kumvimba.

Koko alimchungulia.

"Pumua, Baba Mpano," alisema. "Mutoto anajua tayari. Sasa imebakia wewe."