Uniti Mia za Mzee Mita

Godoro lilikuwa limeshafungwa kamba nyuma ya gari la mizigo, na Mzee Mita ameshakaa mbele na dereva, lakini alikuwa hajamaliza kuagiza. Alitoa kichwa dirishani. Taa ya bafuni isiachwe ikiwaka, hiyo ndiyo mwizi wa nyumba, maana kila mtu anadhani mwenzake ameizima. Mita isomwe kila jioni saa kumi na mbili kamili, si na robo. Na anayesoma asikisie tarakimu ya mwisho. Kama haoni, aite mwenye macho.

"Mzee, nenda basi, gari linakula mafuta," Kinyozi alimwambia.

"Mafuta yangu. Umeme ndio wenu."

Wapangaji waliosimama mlangoni walicheka. Alikuwa amelinda ghala la watu miaka thelathini, na alipostaafu alianza kulinda mita ya nyumba, ndipo jina likamganda. Sasa macho yalikuwa yanakwisha na binti yake amemtumia gari. Gari lilipowashwa alimwita Mama Pasi, akamtia mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Ufungue nikishapinda kona. Sitaki kelele."

Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na mita moja. Kampuni ya umeme ilikuwa na bei mbili. Nyumba isiyozidi uniti sitini kwa mwezi iliuziwa kwa bei ndogo, theluthi tu ya ile kubwa, na bei hiyo ndogo iliwekwa kwa ajili ya watu wa hali ya chini. Lakini watu wa hali ya chini walikaa familia nne kwenye mita moja, na mita haihesabu familia. Kwa hiyo Kinyozi, Mama Mapacha, Mzee Mita na Mama Pasi walikuwa wakilipa sawa na wenye majumba ya geti na mbwa. Njia ya kushuka ilikuwa moja: miezi sita mfululizo bila kuvuka sitini, na ukivuka hata mara moja unarudi mwanzo.

Bei ilipopanda mara ya mwisho, macho yote yaligeukia pasi. Mama Pasi alikuwa akiwapigia watu nguo: sare za wauguzi, mashati ya watu wa benki, mashuka ya nyumba ya wageni. Kinyozi ndiye aliyelitoa neno lililokuwa kifuani mwa wote. Alisema pasi ile inakula kuliko vyumba vitatu, na hakusema uongo. Wakakaa koridoni kama mahakama. Mzee Mita ndiye aliyewapatanisha. Pasi ipewe saa moja kwa siku, kwa saa yake yeye ya mkononi, kwa miezi sita. Nyumba ikishuka bei, pasi inabaki na hakuna atakayefungua mdomo tena. Isiposhuka, soketi inafungwa. Wote walikubali. Mama Pasi naye alikubali, kwa sababu hakuwa na lingine.

Saa moja ile aliijua kuliko uso wake. Mumewe, aliyekuwa mwashi mpaka jukwaa lilipomwangusha na kumwachia mgongo usiosimama, aliamka alfajiri kunyunyizia nguo maji, kuzikunja kama mikate na kuzipanga. Nailoni na hariri juu, zipigwe pasi ikiwa bado haijachemka. Kisha mashati. Kisha kaki na sare nzito, moto ukiwa umekolea. Dakika ya hamsini Mzee Mita aligonga mlango kwa fimbo, waya ukachomolewa, na kwa joto lililobaki Mama Pasi akamalizia foronya na leso.

"Moto wa bure huo, mke wangu," mumewe alikuwa akisema kila siku. "Usiuache upoe."

Nguo zilizobaki zilipigwa kwa pasi ya mkaa uani. Cheche moja ilitoboa shati jeupe la mtu wa benki, Mama Pasi akalilipa, na watu wa benki wakaenda kwingine. Wengine nao walijinyima. Kinyozi aliwasha televisheni wakati wa taarifa ya habari tu. Mama Mapacha alilifungia birika lake la umeme kabatini, akampa mumewe ufunguo aende nao kazini. Kila jioni Mzee Mita aliandika. Hamsini na nane, hamsini na tisa, hamsini na saba, sitini kamili, hamsini na nane. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi wa sita, na daftari lilisoma hamsini na sita.

Gari lilipopinda kona, Mama Pasi alifungua karatasi. Zilikuwa tarakimu ishirini za umeme uliokwisha kulipiwa, za kubonyeza kwenye mita, na chini yake: uniti mia moja. Mzee alikuwa amepitia dukani asubuhi na pesa yake ya mwisho ya kiinua mgongo. Pembeni aliandika kwa kalamu: Za kuanzia maisha. Msihangaike.

Mama Mapacha alibonyeza namba, Mama Pasi akimsomea. Mita ililia, ikaonyesha mia moja na tatu. Hakuna aliyewahi kuiona ikiwa na tarakimu tatu. Waliipiga picha.

Saa nne Mama Pasi alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya umeme kuomba nyumba ishushwe bei, daftari kwenye mfuko wa plastiki. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe na kiyoyozi kinapuliza hadi watu wamejikunyata. Kwa mazoea alihesabu taa. Zilikuwa kumi na nane, zote zinawaka. Alipofika dirishani ilikuwa saa saba kasoro.

Karani aliuliza namba ya mita, akagonga kibodi, akasoma bila kuinua macho.

"Mwezi huu mna mia moja hamsini na tisa."

Mama Pasi alidhani karani amekosea mita. Akarudia namba, polepole. Ilikuwa hiyo hiyo.

"Tumetumia hamsini na sita, baba. Yote yameandikwa humu." Alisukuma daftari chini ya kioo.

Karani hakuligusa. "Mama, hapa hatuoni mlichotumia. Tunaona mlichonunua. Leo asubuhi mmenunua mia, juu ya hamsini na tisa za mwanzo."

"Hazijatumika. Zimo ndani ya mita. Mtumeni mtu akaangalie."

"Hakuna wa kutumwa. Kompyuta ndiyo inayoshusha."

"Basi zichukueni. Hata hela msiturudishie. Zifuteni tu."

Hapo karani aliinua macho. Ilionekana hajawahi kuombwa kitu hicho. "Umeme ukishauzwa haurudi," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Mnaanza upya. Mwezi wa kwanza ni kesho."

Mama Pasi aliutazama mkono wa shati la karani. Ulikuwa na mikunjo miwili inayokimbizana, kazi ya mtu asiyejua kulaza mshono.

"Ilikuwa zawadi," alisema. "Mzee alikuwa anaaga."

"Angewapa hela mkononi. Anayefuata."

Alirudi kwa miguu. Mumewe alikuwa ameshazipanga nguo za kesho, nailoni juu. Alipomwona anavyokaa, alikunjua sare moja, akaikunja tena vilevile.

Jioni walikaa koridoni. Mama Pasi aliwaeleza, na ilimbidi aeleze mara mbili kwa sababu Mama Mapacha hakuelewa namna umeme usiotumika unavyoweza kuwa mwingi. Kinyozi alilisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, mwisho akalifunga.

"Mzee katuua kwa mapenzi," alisema.

Mama Mapacha alipendekeza waanze tena, miezi sita si mingi. Mumewe Mama Pasi alisema pasi ipewe hata nusu saa. Kinyozi alikuwa amekuja na bisibisi, na sasa alikuwa akiigeuzageuza mapajani kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

"Shemeji, sina ugomvi na wewe," alimwambia Mama Pasi. "Lakini tulikubaliana. Na mimi miezi sita nimekaa na watoto gizani."

"Tulikubaliana," Mama Pasi alisema.

Simu yake ikaita. Alikuwa Mzee Mita, amefika kwa binti yake, anapiga kelele kama wazee wanavyopiga kelele kwenye simu, wote wakamsikia.

"Mmeshuka?"

Mama Pasi aliitazama mita. Mia moja na mbili nukta tisa.

"Tumeshuka, mzee."

"Kwa hiyo pasi inabaki."

"Inabaki."

"Nipe huyo Kinyozi nimcheke."

Akampa simu. Kinyozi aliipokea kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na bisibisi. "Umenishinda, mzee wangu," alisema, kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshindwa kihalali, akacheka mpaka upande wa pili ukaridhika na kukata. Akamrudishia Mama Pasi simu yake. Akaingia chumbani mwa Mama Pasi, akapiga magoti ukutani, akafungua skrubu za soketi moja moja, akazifunga waya kwa mkanda mweusi, na soketi yenyewe akampa mumewe Mama Pasi aiweke.

Uniti mia na kitu zilidumu karibu miezi minne, kwa kuwa pasi haikuwapo. Kampuni ilipoona nyumba hiyo hainunui kitu, ilituma mafundi wawili kukagua kama inaiba umeme. Walisoma mita. Hawakukuta wizi, walikuta tundu la soketi lenye waya zilizofungwa kwa mkanda, wakaandika faini. Kinyozi aliilipa peke yake na hakumwambia mtu.

Mama Pasi na mumewe walikuwa wamehama mwezi mmoja kabla, baada ya kodi kuwashinda. Mama Pasi alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, chini ya ardhi, pasi sita zinawaka tangu asubuhi mpaka jioni. Dakika kumi kabla ya kutoka alikuwa akichomoa yake na kumalizia foronya. Msimamizi alimwambia aache, asichelewe. Mumewe alikuwa akishinda kwenye duka la kunyolea la Kinyozi, akifua na kukunja taulo.

Mzee Mita alikufa mwaka uliofuata. Binti yake alisema kila mgeni alihadithiwa habari ya nyumba iliyoshuka bei.

Nyumba ilishuka kweli, mwezi wa saba wa hesabu mpya. Mama Mapacha ndiye aliyepokea ujumbe wa kampuni, akaubandika ukutani juu ya mita.

Mwezi wa nane chumba cha Mama Pasi kilipata mpangaji. Alikuja na friji la milango miwili.