Supu Nyeusi ya Ludwika

Hieronim alikuja kuposa Jumapili mchana, kavaa tai, kabeba maua, na nyuma yake Walenty, kaka yake Ludwika, akichekelea utadhani yeye ndiye anayeolewa.

Mjane mwenye mkahawa hakosi wachumba, bwana. Hoteli ya Hieronim kule barabara kuu ilijaa wageni, lakini wageni hao hao walishuka kijijini kula kwa Ludwika: pierogi, vifurushi vya unga vilivyojazwa jibini na kuchemshwa, kabichi chachu iliyopikwa na nyama siku nzima, supu nzito ya unga uliochacha. Jambo hilo lilimkera. Na Walenty, kwa mdomo wake usio na breki, alishamwambia dada yake mpango mzima: wakioana jiko litafungwa, bibie atakaa mapokezi kavaa vizuri, wageni watakula kuku na chipsi hotelini. Ludwika aliyasikia hayo akikanda unga. Jiko lile alilijenga yeye na marehemu mumewe kwa mikono yao, leo aje mtu alizime kwa pete? Thubutu!

Asubuhi ile akachinja bata, akakinga damu, akaitia siki isigande.

Kijijini kwao kila mtu anaijua mila hii. Mposaji akitengewa supu ya damu ya bata, amekataliwa. Anakunywa, anashukuru, anakwenda zake, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima.

Bakuli lilipowekwa, jeusi, plamu zilizokaushwa zikielea juu, Walenty alimkanyaga dada yake chini ya meza. Dada akamkanyaga zaidi.

Hieronim alielewa. Masikio yalimwiva. Lakini mkavu wa macho ni mkavu wa macho: alichukua kijiko, akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo.

"Tamu kweli. Wageni wangu wanayasifu mapishi yako kila siku," akasema. "Mambo ya mababu yamepitwa na wakati, Bi Ludwika. Siku hizi hii ni supu tu. Tupange siku ya harusi."

Walenty akashusha pumzi, akaanza kutaja miezi. Ludwika damu ilimchemka. Amemkataa mtu kwa adabu, kama alivyofundishwa na mama yake, naye kaimeza adabu yenyewe pamoja na supu! Akaingia jikoni, akarudi na sufuria nzima, akaibwaga katikati ya meza, akamjazia bakuli mpaka likafurika kwenye kitambaa cheupe.

"Dada, tafadhali," Walenty akanong'ona.

"Nyamaza wewe." Akamgeukia mgeni wake. "Jiko langu halifungwi, Hieronim. Ukimaliza hii, bata wapo uani. Wakiisha hao, nitanunua wengine. Wewe kunywa, mimi nitapika, tuone nani atachoka."

Hieronim alikishika kijiko, akakirudisha mezani, akatoka bila kuaga.