Aliyeita Hukaa Mbele

Diwani wetu, Mheshimiwa Beatus, ana mdomo mtamu, na asubuhi ile pale Kivukoni aliutumia wote.

"Sheria hii ya kufunga mto msivue nimeipinga barazani, na nitaipinga mpaka kaburini! Shukeni mkavue. Atakayewagusa atanikuta mimi!"

Wavuvi wakapiga makofi. Mume wangu Polikarpo alipiga kuliko wote, kisha akaanza kupakia nyavu mtumbwini. Akikamatwa, nyavu zinachomwa na yeye anakwenda jela, na nyumbani hatuna kingine cha kutulisha. Nikamfuata mpaka ukingoni.

"Baba Ignas, nilikwambia. Yale mabwawa ya samaki kule Lumemo ni ya huyu diwani, shemeji yake anasimamia tu. Nimemwona kwa macho yangu, amevaa gambuti, anawarushia samaki pumba."

"Wivu huo, Mama Ignas. Mtu anatupigania."

Anatupigania! Mimi nakaanga samaki wa kuuza Lipangalala. Tangu mto ufungwe sina pengine pa kununua perege ila kwenye mabwawa yale, na bei inapanda kila wiki. Yule bwana anang'ata na kupuliza, na wanaume wetu wanashangilia.

Polikarpo akaanza kusukuma mtumbwi. Nikaona nikinyamaza sasa, jioni nitakuwa nalia mlangoni kwa polisi. Na sisi wavuvi tuna jambo moja lisilo na mjadala: anayewaita wenzake majini hukaa mbele kwenye mtumbwi wa kwanza, na wavu wa kwanza hutupa yeye, awe mzee, awe mgeni. Kwa yale makofi, wote walikuwa wamelisahau.

"Shikamoo, Mheshimiwa," nikasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Wewe ndiye umeita. Njoo ukae mbele."

Watu wakacheka. Mzee Kelestini, aliyewafundisha kuvua nusu ya waliokuwepo, hakucheka.

"Mama Ignas kasema kweli. Aliyeita hukaa mbele. Bila hivyo hatushuki."

Beatus akatabasamu. "Wazee wangu, nina kikao mjini."

"Kutupa wavu mara moja hakukucheleweshi," nikamwambia.

"Na hivi viatu?"

"Vua."

Wavuvi wakaanza kuitikia, "Mbele! Mbele!" Vijana wawili wakamshika mikono, kwa heshima lakini kwa nguvu, wakamshusha mpaka majini. Mguu wake mmoja ulipoingia kwenye mtumbwi wa mume wangu, jasho likamtoka usoni.

"Niacheni! Mnataka nikamatwe? Doria wamejificha pale kwenye kona, nyuma ya matete!"

Polikarpo akayatazama matete, kisha akamtazama yeye.

"Umejuaje?"

Beatus akautoa mguu mtumbwini.

"Nyavu zetu zikichomwa," nikasema, "hata mto ukifunguliwa tutanunua samaki kwake."

Polikarpo alizitoa nyavu zote mtumbwini, moja moja, akanipa nizishike. Nilizikumbatia hivyo hivyo na matope yake. Halafu akachukua pondo la kusukumia mtumbwi, akaingia, akasimama nyuma, na kumwonyesha diwani nafasi iliyobaki.

"Kaa mbele, Mheshimiwa," akasema. "Twende kwa hao doria. Mimi sina wavu. Wewe utawaeleza umetuita kufanya nini."